Mama Mkwe Kwenye Maporomoko

Watu wakinisikia nikisema sipendi maporomoko ya maji hunicheka. "Mwalimu, maji yamekukosea nini?" Haya, wacheke. Mimi nilikaa mbele ya maporomoko tangu saa nne asubuhi hadi karibu saa nane mchana, nimefungiwa na mvua kwenye kibanda cha mbao pamoja na mama mkwe wangu, na siku hiyo nilitosheka nayo maisha yangu yote.

Watu wa kwetu wakisikia maneno "pamoja na mama mkwe" huacha kucheka papo hapo. Kwa wasio wa kwetu, ngoja nieleze. Sisi Abagusii tuna kitu kinachoitwa ensoni, yaani heshima na aibu zilizopikwa chungu kimoja. Mama mkwe humpi mkono. Humtazami usoni, huli mbele yake, huketi naye chumba kimoja. Mambo ya mwili, na hasa ya uzazi, huyatamki akiwa karibu hata kama nyumba inaungua. Ukimwona anakuja njiani, unapinda na kuingia kwenye shamba la chai mpaka apite. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu niliingia kwenye mashamba ya chai ya watu mara nyingi hata wenye mashamba wakaanza kunishuku. Na ukimgusa, hiyo sasa ni habari ya wazee na mbuzi wa kutakasa, na wapo wanaosema madhara yake humfuata mtoto.

Mimi nilikuwa kijana msomi, mwalimu wa shule ya msingi kule Gesima, Msabato wa kubatizwa, na nilikuwa nikitangaza kila mahali kwamba mambo hayo ni ya kale. Nilitangaza hivyo nikiwa ndani ya majani ya chai.

Mji wenyewe, kama ulistahili kuitwa mji, tuliuita Foresti. Ulikuwa juu huko, mbele ya Ikonge, mahali ambapo serikali ilikuwa imepanda misonobari mistari kwa mistari. Palikuwa na kiwanda cha kupasua mbao, safu tatu za nyumba za mbao za wafanyakazi, duka moja, zahanati ndogo na shule ya madarasa mawili. Na palikuwa na maporomoko. Siku za Jumapili Wazungu wa mashamba makubwa ya chai na Wahindi wa kutoka Kisumu walikuja na magari na vikapu vyao, wakaogelea kwenye bwawa lililo chini ya maporomoko, wakachoma nyama, wakapiga picha. Mimi nilikuwa nimeyachora maporomoko hayo ubaoni miaka mitatu kwa chaki nyeupe kabla ya kuyaona, na kuwaambia watoto kwamba watu hutoka mbali kuja kuyatazama.

Mke wangu ndiye aliyekuwa mwalimu wa ile shule ya madarasa mawili. Hakuipenda kazi hiyo. Nasema ukweli kwa sababu nimezeeka: mimi ndiye niliyemsukuma. Alilia, akasema huko msituni hakuna mtu wa kwao, baridi ni kali, na siku ya Jumamosi kila mtu huenda kwao, anabaki yeye na nyani. Nikamwambia kazi haikataliwi. Alipopata mimba, mama yake alitaka arudi nyumbani mapema, naye alikuwa mkunga anayejulikana kuanzia Ikonge mpaka Kebirigo. Nikasema angoje shule zifungwe. Mama mkwe akanitumia mjomba na ujumbe: "Mwambieni huyo mwalimu kwamba binti yangu si gogo la kuachwa msituni." Niliudhika wiki nzima. Nilimjibu yule mjomba maneno ambayo namshukuru Mungu hakuyafikisha.

Basi, siku ya Ijumaa jioni, miaka ya mwanzo ya sabini, msimu wa mvua ndefu, dereva wa lori la kiwanda akaniletea habari: uchungu umeanza, siku zake hazijatimia, njoo. Alfajiri ya Sabato nilikuwa njiani. Nilitembea kutoka Gesima hadi Kebirigo huku nikiomba msamaha, na hapo Kebirigo nikaingia kwenye lori, mbele, kando ya dereva, nikajiona bwana mkubwa.

Kumbe mke wangu alikuwa ametuma habari kwa watu wawili.

Tulipofika Ikonge nikamwona huyo wa pili amesimama kando ya barabara na mfuko wake wa dawa kwapani, mwanamke mfupi, mnene kidogo, kitambaa cheupe kichwani, rozari shingoni. Dereva akapiga breki. Mlango ulikuwa mmoja tu unaofunguka, wa upande wangu, na ndio huo aliokuwa akiuendea. Nikampanda dereva mapajani, nikatokea dirishani kwake, nikaangukia matope.

"We mwalimu! Umeona chui?"

"Nimeona mkwe."

"Aa," akasema dereva, "afadhali chui."

Nikapanda nyuma, kwenye mbao tupu za lori, nikanyeshewa mpaka Foresti. Mama mkwe alikaa mbele pakavu. Sikumwonea wivu, nilichokuwa nikifikiria ni kwamba angalau yeye yupo, kwa hiyo mambo yatakuwa sawa.

Mto ulikuwa umefurika. Kabla ya kuingia mjini lazima uvuke mto huo, hatua kama hamsini chini ya maporomoko, kwa daraja la magogo. Siku hiyo daraja halikuonekana. Kulikuwa na maji mekundu tu, yanapita na matawi. Ng'ambo tuliziona paa za nyumba, na nilijua ya tatu kutoka zahanati ni ya mke wangu. Moshi ulikuwa ukitoka. Dereva akaangalia, akasonya, akasema maji ya milimani hupanda haraka na kushuka haraka, yeye anarudi Ikonge kutafuta chai na atakuja mchana. Akatushusha. Akageuza lori akaenda zake, na ndiye aliyekuwa mwanamume wa mwisho mwenye miguu miwili mizima upande wetu wa mto, ukiniondoa mimi.

Waliobaki walikuwa mimi, mama mkwe, na mlinzi wa kibanda cha wageni. Huyo alikuwa mzee kutoka kule ziwani, Mjaluo, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani mpaka gogo likamwangukia mguu, ndipo wakampa kazi ya kulinda hicho kibanda na kuwauzia wageni mkaa. Alitukaribisha kama hoteli.

"Karibu, karibu. Leo mvua imefukuza wageni. Nyinyi ndio wageni."

Kibanda kilikuwa na kuta tatu. Upande wa nne uliachwa wazi ili mtu ayaone maporomoko vizuri. Palikuwa na benchi moja, jiko, na magunia ya mkaa kwenye kona. Nje mvua ilikuwa ikipiga kama imelipwa. Mama mkwe aliingia akakaa nyuma kabisa, karibu na magunia. Mimi nilisimama nje chini ya mti mpaka meno yakaanza kugongana.

"Mwalimu, ingia," mlinzi akaita.

"Siwezi."

Akanitazama, akamtazama mama, akaelewa. Kwao pia wanayo mambo hayo. Akavua koti lake kubwa la kazi, akalitundika kwenye kamba katikati ya kibanda kama pazia, nami nikaingia nikakaa sakafuni mbele, mgongo kwa koti. Sasa fikiria. Nikigeuka, namwona mama mkwe. Nisipogeuka, nayaona maporomoko. Sikuwa na pa tatu pa kuweka macho. Nilikaa hapo nikiyatazama yale maji niliyokuwa nimeyasifu kwa watoto wa watu, na kelele zake zilinijaa kichwani hadi nikatamani kuyatukana.

Tulizungumza kupitia mlinzi. Sisi sote tulisikiana vizuri sana, kibanda kilikuwa hatua nne, lakini mama mkwe alimwambia mlinzi kwa Kiswahili chake cha sokoni, na mlinzi akanirudia.

"Uliza mwalimu, msichana yangu alikuwa anakula vizuri?"

"Mama anauliza kama bibi yako alikuwa anakula vizuri."

"Nimesikia."

"Hujasikia mpaka mimi niseme," mlinzi akanionya. "Fuata utaratibu."

"Mwambie alikuwa anakula."

"Muulize anajua aje, na yeye iko Gesima?"

Mlinzi mwenyewe alilirudia swali hilo kwa sauti ya chini, na mimi nikasema mvua inapungua. Haikuwa inapungua.

Ilipokaribia saa sita mtu alitokea ng'ambo. Nilimfahamu: dresa wa zahanati, mzee mwembamba mwenye miwani, ambaye kazi yake ilikuwa vidonda na dawa ya malaria. Alipiga kelele, mdomo wake tukauona unafunguka na kufunga, lakini maporomoko yalimeza kila neno. Akarudi juu. Akaja tena na ubao mpya wa kiwandani, ameandika kwa ile rangi nyeusi wanayotilia alama kwenye magogo: MAMA YUPO? Nikainua mikono yote miwili na kuonyesha kibandani. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameona, akaondoka mbio.

"Ubao inasema nini?" mama mkwe akamuuliza mlinzi. Yeye hakujua kusoma, na mlinzi vilevile. Katika upande wetu wa mto msomaji nilikuwa mimi peke yangu.

"Anauliza kama mama amefika," nikasema. Vizuri. Hilo nililiweza.

Saa sita na nusu dresa akarudi na ubao wa pili. Akausimamisha matopeni, akauegemeza kwenye jiwe, akanionyesha kwa kidole mara tatu, akakimbia tena juu kwenye nyumba. Ubao ukabaki peke yake ukinitazama: MGUU UMETANGULIA. MAMA AJE SASA.

Nilielewa. Nilikuwa mtoto wa tano kwa mama yangu, na wa sita alikuja kwa mguu, tukamzika.

"Ubao inasema nini?" mama mkwe akauliza.

Yaani nikwambie, mdomo wangu ulifungwa. Mimi, mtangazaji wa mambo mapya! Kusema mguu, kusema umetangulia, kutokea wapi? Kutoka kwa mwili wa binti yake, na ni mimi niliyempa mimba, niseme hayo mbele ya mama yake, hatua nne, katikati tuna koti tu! Niliona masikio yangu yanawaka moto. Nikasema, "Unasema mama aje."

Maneno hayo yalikuwamo kwenye ubao. Sikusema uongo. Ndivyo nilivyojiambia.

Mama mkwe akafikiri. Kisha akamweleza mlinzi polepole, kwa utulivu wa mtu aliyezalisha nusu ya tarafa, kwamba mzazi wa kwanza hukawia. Uchungu wa jana jioni, mtoto ni wa leo jioni. Maji yatakuwa yameshuka saa kumi. Hakuna haja ya kuzama kwa haraka. Akatoa rozari akaanza kusali.

Kwa alivyoambiwa alikuwa sahihi. Aliyekuwa na sehemu iliyobaki ya habari ni mimi.

Nikamvuta mlinzi pembeni, nje kwenye mvua. Nikaanza kumnong'oneza ili ampelekee. Nilipofika kwenye neno mguu akaziba masikio kwa viganja.

"Hapana, hapana, mwalimu! Mimi pia niko na mama mkwe. Chakula naweza kubebea wewe, salamu naweza. Hiyo sibebi. Mwambie mwenyewe."

"Siwezi!"

"Basi maji ishuke."

Nikarudi nikakaa. Nakumbuka saa hiyo moja kuliko miaka mizima ya maisha yangu. Mbele yangu maji, chini ya maji ubao, nyuma yangu sauti ya mwanamke anayesali kwa amani kwa sababu sijamwambia. Nilikuwa nimenaswa pande zote. Nilijaribu kuutazama msitu, macho yakarudi kwenye ubao. Nilijaribu kusali, nikakumbuka kwamba leo ni Sabato na nimeivunja, nikaona aibu hata kwa Mungu. Mara tatu nilifungua kinywa na mara tatu nikasema habari za mvua. Nikajiambia dresa si daktari, huenda amekosea. Nikajiambia maji yanashuka. Niliweka kijiti ukingoni nikakitazama, na kijiti kikafunikwa. Hasira ilinipanda, ya mto, ya kiwanda, ya mlinzi, ya mama mkwe anayesali, na mwisho wake ikanirudia mwenyewe. Nani alimweka huku? Mimi. Nani alisema angoje shule zifungwe? Mimi huyu huyu.

Halafu jirani ya mke wangu, mama mmoja Mluhya, akatokea ng'ambo. Hakuleta ubao. Alisimama kwenye mvua akaweka mikono yote miwili kichwani.

Hilo halihitaji msomaji. Rozari ikanyamaza nyuma yangu.

"Mlinzi," mama mkwe akasema, "ubao inasema nini?"

Nikaukumbatia mwimo, ile nguzo ya mbele ya kibanda, paji la uso kwenye mbao, nikafumba macho, nikauambia ule mwimo, kwa Ekegusii, kwa sauti kubwa kama ninaita shule nzima: "Mguu umetangulia! Ubao unasema mtoto ametanguliza mguu!"

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Nilisikia magunia yakiburutwa.

"Mwambie mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa, kavu, sauti ya kazi, "atabeba gunia la mkaa. Hatabeba mkwe. Atabeba gunia."

Chini ya daraja kulikuwa na kivuko cha mawe, na watu wa kiwanda walikuwa wamefunga waya wa chuma kutoka mti wa huku hadi mti wa kule wa kushika siku za maji. Yeye, kwa ufupi wake, maji yangempita kichwa. Mimi ni mrefu. Mlinzi hakuwa na mguu. Hesabu ilikuwa hiyo tu.

Akamwaga mkaa wa mlinzi sakafuni, magunia mawili, na mlinzi akaifungua ile kamba ya koti. Gunia moja nilivishwa mgongoni kama wapagazi wa mbao. La pili alilivaa mwenyewe, kona moja ameisukuma ndani ya nyingine likawa kofia ndefu, likamfunika kichwa, uso, mabega, mpaka chini ya makalio. Mlinzi akanifunga kamba kifuani ili gunia lile lishike kamba, lisinishike mimi. Mfuko wa dawa aliufunga shingoni mwake, ndani ya gunia. Kisha nikachuchumaa na kumpa mgongo, na uzito ukanijia mgongoni.

Nawaambia, sijawahi kubeba kitu kizito kama kile. Si kilo.

Maji yalikuwa baridi ya kukata. Hatua kumi za kwanza yalikuwa magotini, halafu kiunoni, halafu kifuani. Nilishika waya kwa mikono yote miwili, nikawa nalitafuta kila jiwe kwa kidole cha mguu kabla ya kulikanyaga. Gunia mgongoni lilikuwa kimya kabisa, halikupumua hata. Mlinzi nyuma yetu alikuwa akipiga kelele za Kijaluo, sijui kama zilikuwa dua au matusi. Na pale katikati, penye maji mengi, jiwe likageuka.

Nikaenda chini upande mmoja. Maji yakanipita kinywani. Nikahisi kamba imemponyoka, gunia lake likavuliwa na maji likaenda, na mikono miwili mitupu, mikono ya mtu, ikanikamata shingoni. Shavu lake lilikuwa kwenye sikio langu. Na akasema na mimi. Hakusema na mlinzi wala na mwimo, alisema na mimi, kwa lugha yetu:

"Usiniangushe, mwanangu. Usiniangushe."

Nikalipata jiwe jingine. Sijui nililipataje.

Ng'ambo yule jirani alituvuta kwa vitenge vilivyofungwa pamoja. Mama mkwe alishuka mgongoni kwangu, kitambaa kimekwenda na maji, nywele zake nyeupe wazi, jambo ambalo sikupaswa kuliona mpaka nife. Hakugeuka. Alipandisha kilima akikimbia, mfuko mkononi, na mimi nikakaa kwenye matope kando ya ubao wangu.

Kwenye nyumba sikuruhusiwa kusogea, na nisingesogea. Nilikaa kiwandani, juu ya magogo, ambako napo maporomoko yalisikika. Kama mke wangu alilia, sikumsikia. Kama mtoto alilia, sikumsikia. Ilipita labda saa nzima, labda zaidi. Halafu jirani akaja akatabasamu kwa uchovu, akasema, "Ni msichana. Alikuwa wa buluu, lakini mama yako amempulizia mpaka amekubali. Wote wako salama."

Nililia kama mtoto mdogo, kamasi na kila kitu. Kisha nikamkumbuka mlinzi, nikashuka ukingoni. Alikuwa bado amesimama kule kwenye mvua bila koti. Nilipiga kelele, hakusikia. Nikakunja mikono kifuani kama ninayelea mtoto, nikaitikisatikisa. Akavua kofia akairusha juu, ikaanguka mtoni, ikaenda.

Jioni, mvua imekatika, jirani alinikaribisha nyumbani kwake, akaniletea uji. Nyumba zile zilishikana. Ukuta wa mbao mmoja tu ndio uliotenganisha kwake na kwa mke wangu. Nikasikia sauti ya mama mkwe upande wa pili.

"Jirani. Uliza mwalimu, ile ubao iliandikwa saa ngapi?"

Jirani akanitazama bila kuelewa. Yule mama alikuwa amejua. Alikuwa amemwona mtoto, akaona amekawia sana njiani, akahesabu kurudi nyuma. Ningeweza kudanganya, dresa hakuwa na habari ya kilichosemwa kibandani, na mlinzi niliyemnong'oneza alikuwa ng'ambo ya mto.

"Mwambie saa sita na nusu," nikasema.

Upande wa pili mtoto alikohoa kidogo. Mimi nilishika bakuli kwa mikono miwili, nikingoja.

"Mwambie ale uji," mama mkwe akasema, "usipoe."

Mkono wa kushoto wa binti yangu haupandi juu ya bega. Uliumia wakati bibi yake anamvuta, na daktari wa Kisii alituambia baadaye kwamba mtoto akikawia hivyo mishipa hukatika. Kila mtu wa ukoo aliuliza. Walimuuliza mkunga mwenyewe mbele ya watu, na wengine walimcheka kichinichini kwamba mkono wake sasa umezeeka. Kwa mwanamke aliyezalisha nusu ya tarafa, hilo ni tusi. Alijibu neno moja kila mara: "Aliyekuja kwa mguu huja hivyo." Hakutaja ubao. Hakutaja saa. Mimi nilikuwa hapo mara nyingine, nyuma ya ukuta au ndani ya shamba la chai, nikisikia anavyobebeshwa lawama yangu, na sikutoka kusema. Mdomo wangu ulijifunza kufunguka siku moja tu.

Mke wangu nilimrudisha Gesima muhula uleule. Ensoni nayo ilirudi mahali pake. Mimi na mama mkwe hatukuzungumza tena hata mara moja, wala hatukutazamana.

Alifariki miaka ya mwisho ya sabini, msimu wa mvua kama ule. Wakwe kwenye mazishi husimama mbali, kwenye ua, na ndipo nilipokuwa na suti yangu, binti yangu wa miaka saba amenishika koti kwa mkono wake mzima. Wanawe walilibeba jeneza kutoka nyumbani kwenda kaburini, chini ya migomba, na kilima kile kilikuwa utelezi mtupu. Mmoja wao aliteleza. Jeneza likainama upande. Wanawake wakapiga yowe.

Nilikuwa nimekwisha kuruka ua. Nikaingiza bega langu chini ya ile kona.

"Mwalimu!" yule mjomba akanikemea kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Una wazimu? Huyo ni mkweo!"

"Najua," nikasema. "Aliniambia nisimwangushe."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mke wangu. Nikavua viatu, kwa sababu miguu mitupu hushika matope vizuri zaidi, tukashuka naye polepole mpaka chini.